Nafanya ukalimani kwa watumishi maboma ya Handeni, dhamiri inanisuta. Naombeni ushauri wakuu

Kijana wa Mkata (mleta mada)
Wakuu salaam. Mimi ni mkazi wa Mkata, wilaya ya Handeni, miaka 29, nina mke na mtoto mmoja. Tangu mwaka jana natembea na watumishi wa kanisa fulani (jina libaki) wanaohubiri kwenye maboma ya Waparakuyo, wale ambao wengi wenu mnawaita Wakwavi. Mchungaji anasema Kiswahili, mimi nageuza Kimaasai. Baba yangu Mzigua, ila mama ni wa huko, na nimelelewa bomani kwa mjomba mpaka nilipomaliza la saba.

Sasa wanataka kuniajiri moja kwa moja niwe mratibu. Mshahara si haba. Lakini usiku silali. Swali langu: ni halali kwenda kuwahubiria watu ambao hawakukuita? Nikubali au niache? Msinitukane jamani, nina msongo.

Mzee wa Barabara ya 20
Vijana wamejaa vijiweni Tanga mjini hawana hata hela ya vocha, wewe una kazi na unalalamika kukosa usingizi. Ukiiacha nitumie ujumbe. Kimaasai ninakijua cha kununulia dawa ya mgongo, kingine nitajifunzia kazini.

Binti Bagamoyo
Swali lako ni la zamani kuliko unavyodhani. Hapa kwetu mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868. Wakakomboa watoto sokoni kwa fedha, wakawabatiza, wakawafunza kilimo na ufundi, na walipokua wakawaozesha wao kwa wao na kuwapa viwanja kwenye kijiji cha watu huru. Watalii wanapiga picha pale leo, wanasifu. Na mimi nasifu, maana mbadala wake ulikuwa jahazi la kwenda Unguja. Lakini kila nikipita naona swali limesimama palepale: mtoto aliyetolewa mnyororo asubuhi, jioni ukamuuliza kama anataka kubatizwa, atakujibu nini?

Mbondei Asilia
Umenikumbusha babu. Alitoka nyumbani akiwa Hamisi, akarudi kutoka misheni ya Magila akiwa Herbert, kwa sababu alitaka kujua kusoma na shule ilikuwa moja tu. Mpaka anakufa Jumapili alikuwa kiti cha mbele, na tambiko la ukoo hakukosa hata moja. Kuku wa tambiko alikuwa anamchagua mwenyewe, anampapasa kifua kama mnunuzi wa sokoni. Bibi akimsema anajibu, "Mungu anajua mimi ni mtu wa nyumba mbili."

Shehe wa Ngamiani
Babu yako alipata shule, wa kwangu alikatazwa na baba yake asiende, asije akarudi Herbert. Familia yetu ilichelewa vizazi viwili kwa ajili hiyo. Mpaka serikali ilipozichukua shule za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 ndipo baba zetu wadogo wakaingia bila kuulizwa dini. Hivyo mtu akiniambia "tunapeleka maendeleo pamoja na neno", mimi nauliza kipi ni chambo na kipi ni samaki.

Mzee wa Barabara ya 20
Shehe, na sisi dini yetu ilikuja na jahazi, haikuota hapa na minazi.

Shehe wa Ngamiani
Sijakataa. Nasema tu jahazi halikuomba mtu anyooshe mkono.

Wakili wa Kijiweni
Tuache hisia. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini, na kueneza dini pia kumo. Kosa la jinai sioni. Mimi ninachotaka kujua ni ardhi. Hao watumishi wameomba eneo la kujenga? Ekari ngapi? Zimepita mkutano mkuu wa kijiji kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inavyotaka, au mwenyekiti amegonga muhuri akiwa amekaa chini ya mti? Wafugaji wa Handeni ukiwapunguzia malisho umewapunguzia kila kitu. Halafu kuna Msomera, watu waliohamishwa kutoka Ngorongoro tangu 2022. Huko ndiko mnakohubiri?

Kijana wa Mkata
Siyo Msomera mkuu, ni upande mwingine kabisa. Ekari tano, na za mkutano sijui. Tusitoke nje ya mada. Huduma yenyewe ni nzuri, siku moja tu waliokoka watu 41, na siku hiyo tulichelewa sana gari lilinasa kwenye tope. Hao 41 ndio wageni kutoka nje wanakuja kuwaona wiki ijayo.

Mama Ngarawa
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Mtu hasutwi na nafsi kwa kugeuza maneno ya mchungaji. Umefanya nini?

Kijana wa Mkata
Hakuna nilichofanya shangazi. Ni mawazo tu.

Mama Ngarawa
Arobaini na moja siku moja? Kwenye boma? Nani aliwahesabu?

Kijana wa Mkata
Sawa. Nasema, ila msinihukumu.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali. Ng'ombe wamekonda, asubuhi wanainuliwa kwa kushikwa mkia, ndama wanakufa. Mchungaji akamaliza kuhubiri akasema, anayetaka Mungu ashuke maishani mwake anyooshe mkono. Wakuu, kwa Kimaasai Mungu ni Enkai. Na mvua ni Enkai. Neno ni hilohilo. Mimi nikasema: nani anataka Enkai ashuke hapa? Hilo la "maishani" nikaliacha.

Mikono yote ikapanda. Mjomba wangu akanyoosha. Kuna bibi mmoja haoni, mjukuu akamshika kiwiko akamnyanyulia. Mchungaji akalia machozi. Kijana wa kamera akazunguka anapiga picha mikono kwa ukaribu. Zikaandikwa roho 41 kwenye daftari.

Uongo sikusema. Neno ni lilelile, nendeni mkaulize. Na lambo lilikuwa limeahidiwa endapo kutapatikana "kundi la waamini". Mlitaka nifanyeje, niwaache ng'ombe wafe kwa ajili ya sarufi?

Mama Ngarawa
Ulijua watakavyoelewa?

Kijana wa Mkata
Nilijua.

Mama Ngarawa
Na hiyo kazi ya uratibu, umeshaikubali?

Kijana wa Mkata
Sijasaini chochote. Pikipiki tu ndiyo nimechukua, ya kuzungukia maboma.

Mpelelezi wa Chumbageni
Wakuu msimamishe machozi, hii ni chai. Nimerudi juu nikasoma taratibu. Siku watu 41 walipookoka gari lilinasa kwenye TOPE. Sasa tunaambiwa siku hiyohiyo ni kiangazi, ng'ombe wanainuliwa kwa mkia. Tope la wapi? Na hako kamchezo ka Enkai kamekaa vizuri mno, kama kamepigwa pasi. Huyu ni mtunzi anatafuta hadithi, au kesho atatuwekea namba ya kuchangia lambo.

Binti Bagamoyo
Daah. Na mimi nilishaandika historia yote ile.

Mzee wa Barabara ya 20
Chai yenye maziwa ya Kimaasai hiyo, nyinyi kunyweni. Kumbe hata kazi niliyoiomba haipo.

Mbondei Asilia
Hata kama ni chai, ya babu yangu ni kweli. Kaburi lipo.

Kijana wa Mkata
Tope ni la lambo la zamani. Limekauka, limebaki dimbwi katikati, ng'ombe wanalikanyaga mpaka linakuwa uji. Dereva alikuwa mgeni, akadhani ni ardhi ngumu akakatisha. Tulisukuma mpaka saa tisa. Namba ya kuchangia sina. Mkitaka msiamini.

Mpelelezi wa Chumbageni
Hilo la dimbwi nalikubali, nimewahi kunasa hivyo Kwamsisi. Mengine bado.

Morani wa Lugoba
Nimekaa kimya nikiwasoma. Mimi ni Mparakuyo. Mnatujadili kama vile hatuna simu.

Habari ya Enkai ni kweli, neno ni moja. Lakini mleta mada, usijipe sifa ya kuwadanganya wazee. Mtu kavaa suti saa saba mchana, ana kamera, ana mazungumzo ya lambo, halafu laigwanani, kiongozi wetu wa mila, asijue amefuata nini? Yeyo wangu, yaani mama, amenyoosha mkono makanisa matatu. Kwa la kwanza alipata chandarua, la pili mdogo wangu akapata ada, la tatu alikwenda kwa sababu wanaimba vizuri. Na alfajiri bado anatoka na kibuyu, anarusha maziwa kuelekea jua linakotoka, anataja ng'ombe wake mmojammoja kwa majina. Nikamuuliza umeokoka wapi, akasema kote.

Wapo waliookoka kweli pia, dada yangu mmojawapo, na ukimwambia alihongwa atakufukuza na fimbo. Kwa hiyo msituhurumie wote kwa pamoja.

Mimi nina neno na wewe tu. Wageni wataondoka, mchungaji atahamishwa. Lambo lisipochimbwa wazee watamshika mtoto wa dada yao aliyegeuza maneno. Umeshamwambia mjomba wako ulichosema na ulichoacha?

Kijana wa Mkata
Bado. Wageni wanafika Jumatatu. Wameniomba nisimame tena nigeuze, safari hii mbele ya video. Nafikiri nikikataa sasa hivi lambo linakufa. Nitageuza hii ya mwisho, lambo likishachimbwa nitasema ukweli. Kwani kuna ubaya gani mkuu?

Shehe wa Ngamiani
Alikuja kuomba ushauri huku ameshapiga kiki.

Wakili wa Kijiweni
Swali dogo. Kadi ya hiyo pikipiki imeandikwa jina la nani?

Kijana wa Mkata
Langu.

Mzee wa Barabara ya 20
Boxer au TVS?