Daktari wa K-PAX alimtibu prot au alimmaliza?

Wakuu, jana nimeirudia K-PAX, ile filamu ya 2001, na leo kazini nimebishana na mwenzangu mpaka chai ikapoa. Naileta kwenu.

Kwa ambaye hajaiona: jamaa anayejiita prot (Kevin Spacey) anakamatwa na polisi stesheni ya Grand Central, New York, kavaa miwani nyeusi, anadai katoka sayari nyingine. Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa Daktari Powell (Jeff Bridges). Ndizi anaila na ganda lake. Wanasayansi wa nyota wakimhoji, anawachorea njia ya sayari yake, wanabaki wanatazamana. Na wodi iliyokuwa imepooza inachangamka, kila mgonjwa anataka achaguliwe kuondoka naye.

Powell haridhiki. Anamlaza kwa hipnosi (usingizi wa kuelekezwa, ili akumbuke yaliyopita), anafunga safari hadi New Mexico, anakuta jamaa ni Robert Porter, ambaye mkewe na binti yake waliuawa. Asubuhi ya Julai 27, siku aliyoahidi kuondoka, anakutwa chini ya kitanda: macho wazi, hasemi, hageuki.

Mimi nasema Powell alikosea. Mtu anakula, anacheka, hamdhuru yeyote. Prot ndiye aliyekuwa amembeba Porter mgongoni; unamfukuzaje kabla hujajua kama Porter ana miguu?

— Mkuu, hapo umeteleza. Tarehe ya kuondoka aliitaja mwenyewe, na ndiyo tarehe ya mauaji. Hata Powell angenyamaza, siku ingefika. Alikuwa anashindana na kalenda.

— Mimi niseme kama dada wa mgonjwa. Kaka yangu naye alikuwa na watu wake wa angani, ila hawakuwa wacheshi kama Spacey. Siku nne hakulala, anaziba soketi za umeme kwa magazeti yaliyoloweshwa maji. Unajua maji na umeme? Leo dawa zimemnenepesha na mikono inatetemeka, lakini mama akiingia anamsalimia kwa jina lake. Hizi filamu zinatuchagulia mgonjwa mtamu halafu zinatuuliza kama atibiwe.

— Dada, pole sana. Hoja ya kalenda nayo naikubali, sikuifikiria. Ila tafuteni ile ya Argentina ya 1986, Hombre mirando al sudeste. Kisa karibu kilekile: Rantés anasimama uani hospitalini, kageukia kusini-mashariki, anasema anapokea ujumbe. Huyo dawa zinamzima kidogo kidogo mpaka anakufa, na daktari anaona. Kwa hiyo sibishani na dawa, nabishana na haraka.

— Haraka gani, mkuu, na kaka wa watu ana magazeti mabichi ukutani?

— Sawa, kwa huyo nimenyoosha mikono. Lakini anayesema prot alikuwa mgonjwa tu, anijibu: Bess, yule dada wa wodini asiyesema, asubuhi ile alikwenda wapi?