Mrejesho: niliyezuiwa maabara kwa sababu ya kandambili

Wadau, mimi ndiye niliyeuliza kama ni haki kuzuiwa mlangoni mwa maabara ya mikrobiolojia kisa kandambili, na kama naweza kubeba somo hilo pamoja na kemia ogania muhula mmoja. Wengi mlisema nikamwone mshauri wa masomo kabla muda wa kubadili haujaisha. Nilienda. Asanteni sana.

Alichukua karatasi, akanichorea wiki yangu. Nilikuwa nimehesabu saa za ratiba tu. Kumbe bakteria tunaowaotesha leo wanakaa kwenye inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea, saa 24 hadi 48, kwa hiyo lazima urudi kusoma matokeo hata siku ambayo huna kipindi. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya vitendo vya kemia, saa ileile! Kemia nimeisogeza muhula ujao.

Kuhusu viatu, nilikasirika bure. Wiki ya pili mwenzangu aliangusha chupa ya ethanoli, alkoholi inayoshika moto haraka, karibu na kichomeo cha gesi. Fundi wa maabara alizima gesi kabla hata hatujaelewa, na vipande vya chupa vikatapakaa hadi kwenye ncha za viatu vyangu, safari hii vya kufunika. Ningekuwa na kandambili, sijui.

Baadaye fundi huyo alituonyesha kwa nini sahani za kuoteshea bakteria hazitupwi hivihivi: zinapitia kwanza otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, nyuzi 121 za selsiasi, angalau dakika 15.

Sasa vitendo ni Jumanne, matokeo nasoma Alhamisi asubuhi.