Maombi yameondolewa kisa tarehe, halafu wakili ananiangalia MIMI!

Wakuu, ndo natoka mahakamani, mikono inatetemeka, makosa ya kuandika yasomeni hivyo hivyo.

Yule wakili mnamjua. Yule wa suti tatu tai moja. Yule anayesema "niachie mimi" kabla hujamaliza hata kumweleza shida yako. Nikamwachia.

Hukumu ilitoka upande mmoja, wito sikuuona. Tukapeleka maombi itenguliwe, ndani ya zile siku 30, safi kabisa. Leo wenzetu wanasimama na pingamizi la awali, yaani maombi yasisikilizwe kabisa: kiapo, ile karatasi ya maelezo yangu ya kuapa iliyoambatana na maombi, hakionyeshi kimeapwa wapi wala lini. Nikacheka moyoni, nikajua sasa wanakwenda kukoma. Hakimu akafungua ukurasa wa mwisho, akauliza kwa upole, "Wakili, kiapo hiki kiliapwa tarehe ngapi?"

Wakuu. Pale chini kuna muhuri wa kamishna wa viapo, yule anayeapisha watu, mkubwa kama sahani, saini imekatwa kwa mbwembwe. Halafu: "leo tarehe ......... mwezi ........." Nukta tupu! Zimejipanga kama siafu wanahama.

Mtu mzima akalipekua jalada mbele, akalipekua nyuma, kama anatafuta chenji. Halafu akageuka AKANIANGALIA MIMI. Kana kwamba mimi ndiye niliyesomea sheria!

"Mheshimiwa, tunaiachia Mahakama." Basi, hoja imekwisha. Maombi yakaondolewa, na gharama juu. Kwenye korido ananiambia "hatujashindwa, tutaleta mengine." Siku 30 zimeisha zamani! Sasa nianze kuomba kuongezewa muda, nieleze kila siku iliyochelewa ilikwenda wapi. Niandike nini, "nilikuwa naangaliwa"?

Kaniangalia MIMI jamani.

Kalamu_Nyekundu: Punguza jazba. Yangetupwa kabisa ndo ungelia. Yakiondolewa unarekebisha, unarudi. Na kwa kuwa ya kwanza yaliingia ndani ya muda, kipindi yalipokuwa mahakamani kina utetezi wake. Siku za kukubana zinaanzia leo, na wewe uko huku unaandika uzi.

Mleta uzi: Dalali wa mahakama akija kubeba makochi nimwambie "subiri, yameondolewa tu"?

Bibi_Shauri: Swali dogo. Mwapaji alikuwa nani?

Mleta uzi: Mimi.

Bibi_Shauri: Uliapa mbele ya nani?

Mleta uzi: Nilisaini juu ya boneti ya gari lake, muhuri akaenda kugongesha mwenyewe.

Bibi_Shauri: 😂😂 Sasa ulitaka amwangalie nani?

Mpita_Njia: Kumbe kamishna hata sura yake huijui. Kwenye kiapo chote hicho, zilizosema kweli ni nukta.

Haki_Bin_Haki: Katiba ya Tanzania ibara ya 107A inakataza kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Na 2018 wakaongeza kifungu cha 3A kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, kwamba lengo kuu ni kesi ziamuliwe kwa haki, haraka na gharama nafuu. Wakili angepiga kelele hapo!

Kalamu_Nyekundu: Angepiga na asingepona. Mahakama ya Rufani imeshasema kanuni hiyo haitumiki kibubusa kuvunja masharti ya lazima. Mahali na tarehe ni kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, siyo pambo.

Mleta uzi: Sawa, lakini KUNIANGALIA kuko kifungu gani?

Mwana_Mpotevu: Nyie mnalilia tarehe. Mimi zamani, kabla ya hiyo 3A, niliondolewa kwa kutaja kifungu kidogo (b) badala ya (c). Herufi moja, mwaka mzima.

Mama_Kesi: Wakili wangu alijaza hoja, sala (yale tunayoiomba mahakama) na malalamiko ndani ya kiapo, wakati kiapo ni ukweli unaoujua tu. Aya zikafutwa moja moja. Zilizobaki: jina langu na kwamba mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu.

Mpita_Njia: Hiyo ya akili timamu nayo wangeichunguza.

Jalada_Liko_Wapi: Mna raha, mna majalada ya kuondolewa. Langu kila nikienda masijala naambiwa "limetoka kidogo."

Mama_Kesi: Limetoka kidogo kwenda wapi, harusini?

Mleta uzi: Turudi kwenye mada basi. Kaniangalia...

Mwana_Mpotevu: Ngoja kwanza. Karani ni yule wa miwani imefungwa uzi?

Jalada_Liko_Wapi: Huyo huyo!!

Mama_Kesi: Heee. Na langu analo huyo.