Naomba ushauri: nimfikisheje baba Twywell na Geddington?

Mwana wa Dunda:
Wakuu, habari za usiku. Naishi Leicester. Baba yangu amekuja kunitembelea, zimebaki siku tisa arudi Bagamoyo. Ni mwalimu mstaafu wa historia, miaka 74, goti la kushoto linamsumbua. Ana ombi moja tu: kufika Twywell, kijiji kidogo cha Northamptonshire, maili tatu hivi kutoka mji wa Thrapston. Kasisi wa kanisa la pale alikuwa Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, zilizotoka 1874. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walikuja Uingereza mwaka huo huo, wakamsaidia Waller kuelewa yaliyomo. Ni wale wale walioleta mwili wa Livingstone mpaka kwetu Bagamoyo. Baada ya hapo anataka Geddington, auone msalaba wa Malkia Eleanor. Tumepanga Jumamosi. Mwenye kuvijua vijiji hivyo anisaidie, maana nina wasiwasi mpaka usingizi umekata.

Mama Tausi:
Pole mwanangu. Geddington napajua. Msalaba uko katikati ya kijiji njia zinapokutana, jiwe lote limechongwa maua, una pande tatu, na juu amesimama malkia mwenyewe. Alifariki 1290 karibu na Lincoln. Mumewe, Edward wa Kwanza, akaagiza msalaba ujengwe kila mahali jeneza lilipolala njiani kwenda Westminster. Ilikuwa 12, imebaki mitatu, na huo ndio uliosalimika vizuri kuliko yote. Ukishuka kidogo kuna daraja la mawe la kale juu ya mto Ise, pembeni yake magari yanakatiza ndani ya maji. Nilikwenda na marehemu mume wangu. Alivua viatu akaingia mpaka kwenye vifundo, akasema maji haya yangekuwa ya Rufiji angeogelea. Nina picha yake ile ukutani mpaka leo.

Kobe wa Pwani:
Mpeleke Westminster Abbey, lile kanisa la London, mkuu. Livingstone alizikwa pale tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright, mwenzao Chuma na Susi katika ile safari ya kuuleta mwili, alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Chuma na Susi walifika maziko yameshapita. Jiwe la kaburi linasema aliletwa na mikono ya waaminifu. Kijijini mtaona nini zaidi ya kondoo?

Mwana wa Dunda:
Abbey tulishakwenda wiki ya kwanza. Alisimama kwenye lile jiwe mpaka mlinzi akamletea kiti.

Fundi Gereji:
Ngoja kwanza. Safari ya siku moja, tena hapo jirani, haimnyimi mtu usingizi. Mnakwenda na usafiri gani?

Mwana wa Dunda:
Gari la rafiki. Nimeshamwahidi nitalijaza mafuta, na baba nimeshamwambia.

Fundi Gereji:
Leseni ya wapi?

Mwana wa Dunda:
Ya nyumbani, bado hai. Nimeendesha Dar miaka sita bila hata kugusa kioo cha mtu.

Fundi Gereji:
Na hapa umekaa muda gani?

Mwana wa Dunda:
Miaka miwili na miezi minne. Najua mtasema nini. Lakini ni mwendo mfupi, barabara za mashambani, Jumamosi asubuhi. Sijawahi kunywa pombe. Nitaendesha polepole.

Fundi Gereji:
Basi tumefika kwenye jambo lenyewe. Mkazi wa hapa anaruhusiwa kutumia leseni ya kwetu miezi 12 tangu aanze kuishi. Ikipita hiyo, uombe leseni ya mwanafunzi na ufanye mitihani, hata kama uliendesha lori Kitonga. Maana yake bima ya rafiki yako haikuhusu. Ukisimamishwa ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, gari linaweza kuchukuliwa hapo hapo, na rafiki yako naye ana kosa la kukuachia. Hapo sijataja kumgonga mtoto wa watu.

Binti Sayari:
Kaka, mzee wako amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, halafu umpakie kwenye kosa bila yeye kujua? Mwambie ukweli. Binamu yangu alisimamishwa akiwa na shangazi ndani. Gari likapakiwa juu ya lori la polisi, shangazi kasimama mvuani na kikapu cha vitumbua. Mpaka leo shangazi hataki kupanda gari lake.

Kobe wa Pwani:
Mzee mwenyewe ana leseni? Mgeni wa matembezi anaruhusiwa.

Mwana wa Dunda:
Anayo, ila jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Siwezi kumpa usukani. Wakuu, mnaelewa lakini? Teksi za kuzunguka siku nzima ni hela nyingi, na mwezi huu nimelipa nauli yake ya ndege.

Mdadisi 07:
Samahani, mimi naona hii ni chai. Mzee wa Bagamoyo anaijua misalaba ya malkia wa Kiingereza wa 1290? Kijana anajua mwaka wa kitabu lakini hajui sheria ya leseni? Mtu anatafuta wachangiaji tu.

Binti Sayari:
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Mwana wa Dunda:
Sheria naijua. Ndiyo maana silali.

Kuhusu baba: ana daftari la kurasa 96, jalada limeshikwa na plasta. Amechora kwa penseli njia kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Livingstone alikofariki Mei 1873, hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Moyo walizika kule kule chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani. Ukurasa wa pili ameandika: "Eleanor, misalaba 12." Chini yake: "Bwana Livingstone, njia nzima," kisha mstari mtupu. Nilipomuuliza akasema, malkia alibebwa siku chache na kila kituo kikapata jiwe. Wetu walibeba miezi, vijiji vikawafungia milango kwa kuogopa maiti, na pale walipolala hapana hata kigingi. Anataka aguse jiwe la Geddington kwa mkono wake, kisha asimame kwenye kanisa alilohudumu yule kasisi. Chuma alifariki Zanzibar 1882, Susi 1891. Baba huwa anayataja majina yao kama ya wajomba zake.

Mdadisi 07:
Nimekukosea, mkuu. Nisamehe.

Fundi Gereji:
Sasa sikia. Treni kutoka Leicester inafika Kettering moja kwa moja, na Geddington iko karibu na hapo. Rudisha ufunguo wa watu leo hii.

Mwana wa Dunda:
Nimeurudisha. Baba nimemwambia yote. Amenyamaza kidogo, akauliza treni ina choo.

Mama Tausi:
Kipo. Mimi nakaa Corby, leseni ya hapa ninayo mwaka wa kumi na mbili. Jumamosi niko zamu, ila Jumapili siendi popote. Saa nne asubuhi nitakuwa nje ya stesheni ya Kettering, gari dogo la bluu. Tuanze Twywell baada ya ibada, Geddington tumalizie. Mzee anakula samaki wa nazi, au goti limemkataza vyakula?