Tovuti ya shule: WordPress au msimbo wa kuandika kwa mkono?

Fundi_Tanga (mwanzisha mada)
Wanajukwaa, salaam. Shule moja ya sekondari ya bweni hapa Tanga imenipa kazi ya kuijengea tovuti yenye kurasa kumi hivi, matangazo, fomu za kujiunga ambazo wazazi watazipakua, na picha za mahafali. Nikiandika HTML na CSS (lugha za kuandikia kurasa na mwonekano wake) kwa mkono nitamaliza kwa wiki mbili. Nikitumia WordPress, mfumo uliokwisha tengenezwa wa kuendeshea tovuti, nitamaliza kwa siku nne, lakini nasita kubeba programu-jalizi (vipande vya kuiongezea kazi) ambazo sijui aliyeziandika alikuwa na akili gani siku hiyo. Aliyepita njia zote mbili anieleze alichokutana nacho.

Bara_na_Pwani
Ndugu Fundi, mimi ni mtu wa mkono. Ukurasa wa HTML mtupu hauulizi hifadhidata wala hauamshi PHP, lugha inayoiendesha WordPress, kila mgeni anapobisha hodi. Seva inatoa faili kama lilivyo, basi. Kwa mzazi aliyeko Lushoto mwenye simu ya bei nafuu na bando la siku, ukurasa wa kilobaiti 60 na ule wa megabaiti 3 uliojaa picha za kuteleza ni vitu viwili tofauti kabisa. Isitoshe, tovuti ya namna hiyo haina ukurasa wa msimamizi ambao mtu anaweza kukaa akibahatisha nywila usiku kucha. WordPress ilianza mwaka 2003 kama chombo cha kuandikia blogu, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, kwa hiyo mwizi akipata ufa kwenye programu-jalizi moja maarufu ana nyumba nyingi sana za kuujaribu.

Mwalimu_TEHAMA
Mimi ni miongoni mwa wanaobaki na tovuti baada ya fundi kuondoka. Tovuti yetu ya kwanza iliandikwa kwa mkono, kurasa 14, na namba ya simu ya ofisi ilikuwa chini ya kila ukurasa. Namba ilipobadilika, kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alirekebisha kurasa 13, na ule uliosahaulika ukawa ndio wa fomu za kujiunga. Muhula mzima wazazi walipiga namba iliyokufa, nasi tukashangaa kwa nini simu ya ofisi imetulia namna ile msimu wa wanafunzi wapya. Sasa tunatumia WordPress: mwalimu wa zamu anaandika tangazo kwenye simu yake, anabonyeza kitufe cha kuchapisha, na hajui CSS ni mdudu gani.

Mlinzi_wa_Seva
Mwalimu anasema kweli, ila asikuficheni gharama. Niliwahi kukabidhi tovuti ya WordPress kwa taasisi moja nikaenda zangu. Baada ya mwaka na nusu nikapigiwa simu kwamba ukitafuta jina la taasisi kwenye Google yanatokea maandishi ya Kijapani yanayouza mikoba. Ukifungua tovuti yenyewe kila kitu kilionekana salama, kwa kuwa wavamizi walikuwa wakizionyesha kurasa zile kwa roboti za utafutaji peke yake. Mlango ulikuwa programu-jalizi ya picha ambayo haikusasishwa tangu siku niliyoiweka. Nilisafisha kwa siku tatu bila malipo, maana mkataba wangu haukutaja matengenezo. Tangu hapo siweki programu-jalizi zaidi ya tano, na nakala rudufu ya kila wiki naihifadhi nje ya seva.

Mzee_wa_Hugo
Mnasahau njia ya kati. Hugo, kwa mfano, ni programu ya kuzalisha kurasa; inakuruhusu kuandika sehemu ya chini ya ukurasa mara moja tu kwenye kiolezo, kisha inazalisha kurasa zote za HTML, kwa hiyo kisa cha kurasa 13 hakitokei na hakuna hifadhidata ya kuvamiwa. Nakiri kwamba mwalimu wa zamu hataipenda. Mifumo ya kusimamia maudhui, kama WordPress, nayo huzeeka: Drupal 7, mfumo wa aina hiyo, iliachwa bila huduma Januari 2025, na waliokuwa humo walilazimika kuhama, ambako kwa wengi kulikuwa karibu sawa na kujenga upya. (Joomla, mfumo mwingine wa aina hiyo, sijaitaja, ingawa jina lake limetokana na neno letu “jumla” na ningependa kuipigia debe kwa hilo tu.)

Fundi_Tanga
Nawashukuru. Leo asubuhi nimemuuliza mkuu wa shule ni nani atakayeweka tangazo Januari, akamtaja mwalimu wa taaluma, ambaye ana simu na hana kompyuta yake. Basi ni WordPress, lakini kiolezo nitakiandika mwenyewe kwa mkono ili ukurasa ubaki mwepesi, na programu-jalizi zitakuwa mbili: ya usalama na ya nakala rudufu. Fomu za kujiunga ni faili za PDF, hazihitaji kitu. Mlinzi, naomba unitumie mfano wa mkataba unaoutumia sasa.

Mlinzi_wa_Seva
Nimekutumia kwenye ujumbe wa faragha. Kisome kifungu cha matengenezo kabla hujawatajia bei.