Naomba ushauri: nguzo za plastiki zinabanduka matabaka

Salaam aleikum ndugu zangu. Niko Changamwe, nayeyusha plastiki kuukuu nikitengeneza nguzo za ua. Zamani nilitumia mitungi ya maji peke yake, yaani polithini nzito, na kazi ilitoka safi. Mwezi uliopita nikaanza kuchanganya na viti vilivyovunjika, ambavyo ni polipropilini. Sasa nguzo ikipigwa nyundo inabanduka matabaka kama chapati, na ndani naona punje ngumu za rangi ya kiti, hazikuyeyuka kabisa.

Polithini nzito huyeyuka karibu na nyuzijoto 130, polipropilini karibu na 160, nami mtambo nimeuweka 150. Hapo naona kosa langu: minyororo ya molekuli za mtungi inateleza, ya kiti bado imejifunga. Lakini hata zikiyeyuka zote, hizi mbili hazipatani, kila moja hujitenga. Kuzichambua kwa maji nako hakufai, zote huelea.

Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie: nipandishe joto hadi 190, au kuna kiunganishi cha kutia, na kwa kiasi gani? Nina oda ya shamba kule Kwale, na mteja siwezi kumpa nguzo mbovu.