Futari ya Yom Kippur, nipike nini mapema?

Mlezi_Jersey: Wadau habarini. Nipo New Jersey namtunza bibi wa Kiyahudi, ana miaka 84, sasa watoto wake wanakuja kufungulia kwake Yom Kippur, ile siku yao ya kufunga na kutubu, watu kama 12, na jiko kaniachia mimi. Siku yenyewe hakuna kupika, wanaanza Jumapili jioni tarehe 20 Septemba kabla jua halijazama mpaka Jumatatu nyota zitoke, karibu saa 25 bila hata tone la maji. Niliwaza kuku wa nazi, nimpike Jumapili asubuhi kesho yake napasha tu. Mnaonaje?

BintiKisauni: Kuku ukimweka basi jibini, siagi, maziwa ya chai vyote vitoke mezani, nyama na maziwa kwao havikutani. Huko Marekani wengi wanafungulia vitu vya maziwa na samaki, samaki hahesabiwi nyama. Mi nilikaa nao miaka sita, menyu ileile kila mwaka: begeli (vile vimkate vya duara vyenye tundu), jibini laini ya kupaka, samoni wa moshi, saladi ya mayai, na kugeli ya tambi ambayo ndo itakuokoa. Chemsha tambi bapa za mayai nusu kilo zisiive sana, tia mayai sita, jibini ya chenga, sawakrimu (krimu chachu), sukari, mdalasini na zabibu kavu, oveni nyuzi 180 za Selsiasi kama saa nzima. Ikipoa friji. Ni kama tambi zetu za sukari za Idi ila hii unakata vipande. Na maji na juisi vitangulie, yule samoni ana chumvi balaa.

Shangazi wa Bronx: Sufuria shoga angu!! Mi nilichemshia tambi kwenye sufuria ya nyama, kugeli yote ikaenda jalalani, nililia. Uliza zipi za maziwa. Na uliza pia nani anawasha oveni kabla nyota hazijatoka, nyumba zingine wanasubiri wenyewe, zingine wanakula baridi tu yaishe.

mpemba_mtulivu: Huyo bibi naye anafunga? Miaka 84 jamani

Mlezi_Jersey: Hafungi, daktari kamkataza na rabi wake kamkataza. Kanuna wiki nzima. Mwaka jana alikunywa uji wake kafunga mlango wa jikoni, hakutaka hata mimi nimwone. Asanteni, begeli naagiza leo, kuku wa nazi nitampikia Jumatano tukiwa wawili.